Maziwa ya Nusu Inchi

Mwanga ulikuwa wa buluu. Si buluu ya mbingu, si buluu ya sare za shule. Buluu ya taa, buluu ya tiba, iliyomwagika mchana kutwa juu ya vitanda vya kioo walimolazwa watoto njiti, macho yamefungwa vitambaa, mbavu zikipanda na kushuka. Mwanga ule ulipenya kioo cha mlango, ukavuka korido, ukaingia chumba cha kukamulia maziwa, ukafika miguuni pa mwanamke aliyekaa kwenye kiti cha plastiki, kifua wazi, kikombe mkononi. Aliutazama ukimgusa vidole vya miguu, na hakuthubutu kuufuata ulikotoka.

Ilikuwa siku ya tano, Ijumaa. Kikombe kilikuwa kikavu.

Watu walimwita Mama Spana, na walimwita hivyo hata kabla hajawa mama wa mtu. Alikuwa fundi bomba. Katika mkoba wake, pale ambapo wanawake wengine hutia kitana na kioo, yeye alitia spana ile ambayo mafundi wanaiita spana malaya kwa kuwa haikatai nati yoyote, ingawa mbele ya mama mkwe wake aliiita spana tu. Miaka kumi na minne alikuwa akilala chini ya masinki ya watu. Aliweza kuweka kiganja ukutani akakuambia maji yanapita wapi na yamekwama wapi. Sasa alikuwa ameweka kiganja kwenye kifua chake mwenyewe, na kifua hakikumwambia kitu.

Binti yake hakuwa na jina bado. Alizaliwa wiki tisa kabla ya siku yake, kabla jina halijapatikana, kilo moja na robo, ngozi nyepesi kiasi cha kuona mishipa ikifanya kazi. Mama yake alipoonyeshwa, mara moja tu, kwa kupitishwa mbele ya macho, alicheka kwa woga akasema, "Huyu ni nusu inchi." Nusu inchi ni bomba jembamba kuliko yote aliyozoea kufunga kwenye nyumba za watu. Muuguzi akaandika hivyo hivyo kwenye kadi ya kitanda, nusu kwa utani, nusu kwa kukosa cha kuandika. Nusu Inchi.

Daktari alisema maneno machache, na Mama Spana aliyabeba yote. Alisema utumbo wa mtoto ni mchanga mno. Alisema dripu itamshikilia mpaka Ijumaa, na Ijumaa saa nane mchana wataanza kumlisha kwa mpira mwembamba unaopita puani. Alisema maziwa ya mama yake, hata tone, yataulinda utumbo ule. Ya kopo yapo, alisema, tutayatumia tukikosa, lakini kwa mtoto mdogo hivi nayaogopa.

Nayaogopa. Kama daktari anaogopa, mama afanyeje?

Tulia, walimwambia. Mume wake, fundi rangi, alisimama nje ya geti kwa sababu nguo zake zilinuka tina ya kuchanganyia rangi, akampigia simu: tulia, mke wangu. Mama wa kitanda cha pembeni, ambaye kikombe chake kilijaa mpaka kikafurika, alimwambia: tulia, dada. Na mama mkwe, aliyekuja kila asubuhi na chupa ya supu na kuondoka jioni na maoni, alimwambia mara nyingi kuliko wote.

"Tulia, mwanangu. Maziwa hayaji kwa mtu mwenye mawazo. Mimi nilikuwa nikisikia tu mlango unafunguliwa, naloa."

"Nimetulia, mama."

"Hujatulia. Angalia mguu wako."

Mguu ulikuwa ukitikisika. Ulikuwa ukitikisika tangu Jumatatu.

Hebu mtu asimame kidogo auangalie mwili huu, maana mwili wa binadamu una mambo. Ndani ya kichwa cha Mama Spana, chini ya ubongo, nyuma ya kikomo cha pua, ilining'inia tezi ndogo kama punje ya njegere. Tezi ile haina bomba. Haina mrija, haina koki, haina njia yake yenyewe ya kupelekea mambo yake. Ilicho nacho ni damu inayopita mlangoni, na humo hutupia ujumbe wake, chembe kwa chembe, na damu huuchukua kila mahali, utosini na unyayoni, kwenye ini na kwenye kidole gumba. Ujumbe huo ndio homoni. Unapita kwa wote, na anaitika yule tu aliyeandikiwa.

Homoni moja, prolaktini, huyaambia matiti: tengenezeni. Nyingine, oksitosini, huyaambia: toeni. Ya kwanza ilikuwa imekwisha kufanya kazi yake. Kondo la nyuma lilipotoka, lile zuio lililokuwa likiyafungia maziwa miezi yote lilitoka nalo, na matiti ya Mama Spana yakajaa, yakakaza, yakauma hata shuka likigusa. Maziwa yalikuwepo. Yalikuwepo pale pale, nyuma ya ngozi, umbali wa ukucha.

Ya pili ndiyo iliyogoma. Oksitosini ina haya zake. Husubiri kuitwa. Husubiri uzito wa mtoto kifuani, harufu ya utosi wake, mdomo wake unaotafuta, kilio chake. Na ikisikia vishindo vya hofu, hurudi ndani ikafunga mlango.

Na hofu nayo ina tezi zake. Ni mbili, zimekaa juu ya figo kama kofia, na kazi yao ni kupiga kelele. Zikishtuka humwaga adrenalini, na mara moyo unakwenda mbio, viganja vinapoa, mate yanakauka, mishipa inajibana. Ni walinzi wazuri kama kuna mbwa mkali njiani. Lakini hazijui kutofautisha mbwa mkali na saa ya ukutani, na chumba cha kukamulia kilikuwa na saa ya ukutani, kubwa, nyeupe, yenye mshale mwekundu wa sekunde.

Saa nne asubuhi. Tone moja. Saa tano. Hakuna.

Sasa, kosa alilofanya Mama Spana ni kosa la fundi bomba, na asiye fundi bomba asingelifanya. Aliufanya mwili wake kuwa nyumba ya mteja. Nyuma ya karatasi ya hospitali alichora kwa penseli: hapa tangi, hapa bomba, hapa koki, na pale kwenye koki akaweka alama ya kuuliza. Tangi limejaa, maji hayatoki. Basi kuna kuziba. Akakanda kutoka juu kwenda chini kama anayetoa hewa kwenye bomba. Akajikanda kwa kitambaa cha maji ya moto. Akainama, akainuka, akainua mikono. Akaazima pampu ya umeme, akaongeza nguvu, akaongeza tena, mpaka chuchu ikachubuka na ndani ya kikombe likaingia doa la waridi ambalo halikuwa maziwa.

Muuguzi alimkuta hivyo. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye viatu vinavyolia kila hatua, kiasi kwamba watoto walimjua kwa miguu kabla ya uso. Alizima pampu bila kuuliza.

"Unajitesa bure, Mama Spana. Hili si bomba."

"Kila kinachopitisha maji kina koki mahali, Sista."

"Haya. Kama ni koki, basi iko kichwani mwako, na haifunguliwi kwa spana. Njoo umwone mtoto."

"Nikipata maziwa nitakuja. Nitakuja nayo."

"Umesema hivyo tangu Jumatatu."

Ni kweli, alisema hivyo tangu Jumatatu. Kwa maana ufundi ulikuwa umemfundisha adabu moja, na adabu hiyo ilikuwa imemwingia mpaka kwenye mifupa: huingii kwenye nyumba yenye shida mikono mitupu. Unasikiliza mlangoni, unarudi kuchukua kifaa, ndipo unaingia. Kuingia na kukodoa macho tu ni kumwongezea mwenye nyumba uchungu. Hivyo alikaa upande huu wa korido, siku tano, akimheshimu binti yake kama mteja, na binti yake alikaa upande ule akimeremeta kwa buluu, na katikati yao palikuwa na hatua kumi na mbili. Hakuna aliyemkataza kuzipiga. Alijikataza mwenyewe, kwa aibu, na aibu ile aliiita heshima.

Ewe tezi, ewe punje ya njegere, ungefanyaje? Ulikaa gizani ukisubiri kuitwa, na mwenye kukuita alikuwa hatua kumi na mbili mbali, hana hata nguvu ya kulia. Ulisubiri harufu, ukaletewa harufu ya dawa ya kudekia. Ulisubiri sauti, ukaletewa mshale wa sekunde. Na kila walipomwambia tulia, wale walinzi wawili juu ya figo waliamka upya wakauliza, kuna nini, kuna nini, kwa nini tunaambiwa tutulie?

Saa sita. Tone moja, likakauka kabla halijafika chini ya kikombe.

Saa saba mama mkwe alimwaga supu kwenye kifuniko, akampa, akamtazama akinywa. Alitaka kusema neno lile, mdomo ukajiandaa, kisha akalimeza. Badala yake alimfunga kifungo cha juu cha shati, kama mtu amfungavyo mtoto anayekwenda shule, na akakosea tundu. Hapo ndipo Mama Spana alipojua kwamba mama mkwe naye anaogopa. Tangu siku ya kwanza alikuwa akiogopa, na neno tulia alikuwa akijiambia mwenyewe kwa sauti. Jambo hilo halikumpa nafuu. Lilimfanya aone kwamba hakuna mtu mzima hata mmoja ndani ya jengo lile.

Saa saba na dakika ishirini, upande wa pili wa korido, kitu kilipasuka.

Aliijua sauti ile kabla hajaifikiria. Kwanza mpasuko mdogo, mkavu, kisha mvumo. Kiungo cha bomba kimeachia, bomba la shinikizo, chini ya sinki. Muuguzi alitokea mlangoni, na kwa mara ya kwanza viatu vyake havikulia, kwa sababu vilikuwa vimejaa maji.

"Fundi wa hospitali katoka! Maji yanakwenda kwenye umeme wa mashine! Mama Spana, wewe si..."

Alikwisha kusimama. Kifungo kimoja kilikuwa kwenye tundu la mwenzake, shati limekwenda upande, mkoba mkononi. Alizipiga zile hatua kumi na mbili bila kuzihesabu na akaingia kwenye buluu.

Maji yalikuwa yakiruka kutoka chini ya sinki la kunawia mikono, yakipiga ukuta, yakienea sakafuni kuelekea waya mrefu uliolisha taa na mashine za pumzi. "Inua waya!" alisema, na muuguzi akainua waya. "Juu ya meza! Usiuguse penye maji!" Mwenyewe alipiga magoti, kisha akalala ubavu, kichwa chini ya sinki. Kulikuwa na koki ndogo pale. Akaizungusha, ikazunguka bure, meno yake yameliwa. Basi akakishika kile kiungo kwa kiganja, akakirudisha mahali pake, akakibana kwa spana, na kwa mkono wa pili akaziba ufa kwa nguvu zote. Mvumo ukashuka, ukawa mchirizi.

"Nyuma ya jengo kuna tangi," alisema. "Chini yake kuna koki kubwa, ya gurudumu. Ikafungwe, kulia, mpaka igome. Nani anakwenda? Mimi nikiachia hapa, mafuriko."

Muuguzi alikuwa na waya mkononi na watoto sita wa kuwaangalia. Aliyekwenda ni mama mkwe. Magoti ya mama mkwe yalikuwa na historia ndefu ya malalamiko, na siku hiyo yalikimbia.

Mtu atauliza: hofu ilikwenda wapi? Haikwenda popote. Lakini kwenye maji yanayomwagika Mama Spana haogopi. Huko ni kwao. Kiganja kilipogusa chuma, mguu uliacha kutikisika. Pumzi ilishuka mpaka tumboni. Wale walinzi wawili walitazama huku na huku, wakaona mwenye nyumba anajua afanyalo, wakakaa chini. Na yeye, akiwa amelala vile, shavu karibu na sakafu, kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu hakuwa akiwaza maziwa.

Kelele zilikuwa zimewaamsha watoto. Mmoja alilia, wa pili akafuata, kisha chumba kizima, vilio vidogo vya watu wadogo. Na katikati yake kilizuka kimoja kilichokuwa chembamba kuliko vyote, kinachoanza na kukatika, kikaanza tena, kama bomba lenye hewa kabla maji hayajafika.

Hakujua ni cha nani. Hakuwahi kumsikia binti yake akilia. Lakini ile punje ya njegere haikungoja ajue. Ilisikia ikafungua, ikatupa ujumbe wake kwenye damu, na damu ikakimbia.

Alihisi mchomo, sindano nyingi ndogo ndani ya kifua, pande zote mbili. Akakaza meno, akidhani ni kwa sababu ya mkao. Kisha shati likalowa. Alikuwa amelowa tayari, kwa hiyo hakushangaa, mpaka alipohisi kwamba maji ya bomba ni ya baridi na haya yana joto. Yana joto, na yanashuka ubavuni, na hayaachi.

"Sista," alisema polepole, kama mtu anayeogopa kumwamsha aliyelala. "Sista. Njoo uone."

Muuguzi aliuacha waya juu ya meza, akainama, akaona. Akapiga kelele ambayo muuguzi hapaswi kupiga ndani ya chumba kile.

"Usiachie!"

"Nisiachie nini?"

"Vyote!"

Alipaka mikono dawa, akapasua karatasi ya kikombe kisafi, akapiga magoti ndani ya maji na sare yake nyeupe, akamfungua fundi vile vifungo vilivyokosea njia, akamfuta, akakinga. Maziwa yalitoka bila kukandwa, bila pampu, kwa vijito vyembamba vinne au vitano vinavyokwenda kila upande, na kimoja kilimpiga muuguzi kwenye miwani. Mama Spana alicheka. Kisha kicheko kikageuka bila kumwomba ruhusa, akalia, kwa sauti, mdomo wazi, huku mikono miwili imeng'ang'ania bomba na hana wa kumfuta makamasi.

"Unakisikia kile chembamba?" muuguzi alisema. "Kitanda cha tatu. Huyo ni wako. Hajawahi kulia tangu azaliwe, leo ndiyo kwanza."

"Nilidhani nikija bila kitu..."

"Najua ulichodhani. Nyamaza, yanamwagika."

Muuguzi alivuta kwenye sirinji mililita mbili. Alisema kwa leo hizo ni karamu. Alikwenda kitanda cha tatu, na kutoka pale sakafuni, kati ya mguu wa sinki na mguu wa meza, Mama Spana aliona kwa mara ya kwanza mahali binti yake anapokaa: unyayo mmoja ukipiga hewa, tumbo linalopanda na kushuka, na ule mpira unaoingia puani, mwembamba, mwembamba kuliko kitu chochote alichowahi kukifunga maishani mwake. Muuguzi aliinua sirinji juu, akaacha maziwa yajishukie yenyewe. Yalisimama kwanza mwanzoni mwa mpira. Hayakusogea.

Hofu ilirudi yote, mara moja, kwa miguu yake yote. Je, yakikataa? Je, utumbo usipoyataka? Yule daktari aliyesema nayaogopa hakusema kwamba ya mama hayana lolote la kuogopwa. Alisema yatasaidia tu. Mama Spana alijua kwamba kesho atakuwa hapa tena na kikombe, na keshokutwa, na kwamba huenda yakagoma tena, na kwamba hakuna mtu aliyemwahidi chochote. Aliyajua haya yote akiwa amelowa baridi upande mmoja na joto upande mwingine. Lakini alikuwa ndani ya chumba. Kama ni kuogopa, angeogopea hapa.

Kisha mstari mweupe ukaanza kushuka. Ulishuka kidogo, ukasita, ukashuka.

Nje, nyuma ya jengo, ilisikika sauti ya mtu aliyeishiwa pumzi, anayepiga kelele kupitia dirisha kwa fahari ya kazi aliyoifanya kwa mikono yake.

"Nimefunga! Imegoma kabisa! Achia, mwanangu, achia!"

Na kweli chini ya kiganja cha Mama Spana bomba lilikuwa limekufa. Hapakuwa tena na msukumo wowote wa kuzuia. Hakuachia. Vidole vyake vilikuwa vyeupe juu ya chuma, macho yake yako kwenye ule mpira, kwenye mstari unaopita shavu la mtoto, unaokaribia tundu la pua.

"Ngoja kwanza, mama," alisema. "Yafike."